Kericho na Bomet: Chama hubadilishwa jina, kura husalia katika kapu moja

Wakenya walishiriki uchaguzi mkuu mnamo Agosti 9, 2022. Katika kaunti za Kericho na Bomet, hata hivyo, sehemu kubwa ya shughuli hiyo ilikuwa imekamilika miezi minne kabla, Aprili 14, siku ambayo chama cha United Democratic Alliance (UDA) kiliandaa mchujo wa kuwateua wagombeaji wake.

Katika mchujo huo, Bw Charles Keter alibwagwa katika kinyang'anyiro cha tiketi ya ugavana wa Kericho. Bw Keter hakuwa mtu mdogo. Alikuwa amewakilisha Belgut bungeni kwa mihula miwili kuanzia 2002, akawa seneta wa kwanza wa Kericho mwaka 2013, kisha Waziri wa Kawi na baadaye wa Ugatuzi. Alikuwa pia mwandani wa miaka mingi wa Dkt William Ruto, kinara wa chama hicho. Aliyemshinda, Dkt Erick Mutai, hakuwa akijulikana sana katika siasa za kitaifa. Agosti ilipofika, jina la Bw Keter halikuwa kwenye karatasi za kura, na Dkt Mutai akachaguliwa gavana.

Katika kaunti jirani ya Bomet, mchujo uo huo ulimtoa Bi Linet Chepkorir, msichana wa miaka 24 asiyekuwa na mali wala jina kubwa la familia. Aliwashinda washindani wenye uwezo zaidi, akapewa tiketi ya kuwania kiti cha mwakilishi wa wanawake, na Agosti akapata zaidi ya kura 240,000.

Matukio haya mawili yanaonyesha jambo moja. Katika nchi ya chai, mwenye tiketi ya chama kinachovuma huwa amekwisha kuvuka sehemu kubwa ya mto. Swali ambalo limewashughulisha wengi ni hili: ni kwa nini eneo lenye wakulima wanaojitegemea, wasomi wengi na malalamishi yasiyokwisha kuhusu zao lao kuu limekuwa likikipigia kura chama kimoja, uchaguzi baada ya uchaguzi, kwa zaidi ya nusu karne? Na je, wapiga kura hao hupata nini?

MBEGU YA MWAKA 1960

Historia ya kapu hili ni ya kale kuliko UDA. Mwaka 1960, uhuru ulipokuwa ukinukia, Dkt Taaitta Toweett wa Kericho aliongoza Muungano wa Kisiasa wa Wakalenjin. Juni mwaka huo muungano huo uliungana na vyama vya jamii nyingine ndogo, kikiwemo cha Bw Ronald Ngala wa Pwani na cha Bw Masinde Muliro wa magharibi, na kuzaa chama cha KADU.

Hofu iliyowaunganisha ilikuwa ardhi. Walowezi walikuwa wakijiandaa kuondoka, na jamii za Bonde la Ufa zilichelea kwamba mashamba yangetwaliwa na jamii kubwa zilizokuwa zikiongoza chama cha KANU. Wakipsigis walikuwa na sababu ya ziada ya kuhofu. Sehemu ya ardhi yao bora ilikuwa imechukuliwa na serikali ya kikoloni na kugawiwa walowezi na makampuni, na tangu miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yalikuwa yameigeuza kuwa mashamba makubwa ya majani chai. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kidini wa jamii hiyo, ulifukuzwa na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria.

KADU ilipendekeza serikali za majimbo ili kila eneo lisimamie ardhi yake. Huo ulikuwa msimamo wa kihafidhina kwa maana halisi ya neno hilo: kuhifadhi kilichosalia, kulinda mipaka, na kutoiamini serikali kuu iliyo mbali. Uchaguzi wa 1961 uliipa KANU viti 19 na KADU 11. Mwaka 1963 KANU iliibuka mshindi tena, na Novemba 1964 KADU ikajivunja na kujiunga na chama tawala.

Funzo ambalo viongozi wa eneo hilo walilipata ni kwamba upinzani haukulipa. Kuanzia hapo, njia ya kulinda ardhi ikawa ni kuwa ndani ya serikali, si nje yake.

KANU MAMA NA BABA

Funzo hilo lilithibitika mwaka 1978, Bw Daniel arap Moi, mwanzilishi mwenza wa KADU, alipokuwa Rais. Kwa miaka 24 aliyotawala, Kericho, na wilaya ya Bomet iliyomegwa kutoka kwayo mwaka 1992, zilikuwa ngome ya KANU isiyotikisika. Viongozi waaminifu walipewa uwaziri. Mwaka 1986 serikali ilianzisha maeneo ya chai ya Nyayo kandokando ya misitu, na viwanda vya wakulima wadogo viliendelea kuongezeka.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba utiifu huo haukutokana na mapenzi pekee. Tangu 1982 KANU ndiyo iliyokuwa chama halali pekee, na mwaka 1988 wananchi walilazimishwa kupanga foleni nyuma ya wagombeaji katika mchujo uliojulikana kama mlolongo. Upepo wa vyama vingi ulipoanza kuvuma, wanasiasa wa Bonde la Ufa walikusanyika Kapkatet mnamo Septemba 1991 na kuwaonya wapinzani wasikanyage eneo hilo. Ndipo msemo wa "kanda ya KANU" ulipokita mizizi.

Uchaguzi wa 1992 ulipowadia, wagombeaji kadhaa wa KANU katika maeneo ya Wakalenjin walipita bila kupingwa, baada ya wapinzani kuzuiwa kuwasilisha karatasi zao za uteuzi. Mapigano ya kikabila yaliyoanza mwishoni mwa 1991 yalifika hadi mipaka ya Kericho, na watu wa jamii nyingine wakakimbia makwao.

KANU iliposhindwa kitaifa mwaka 2002, Kericho na Bomet hazikuanguka nayo. Bw Kipkalya Kones, aliyekuwa waziri mwenye nguvu katika serikali ya Moi, alikuwa ameigura KANU na kuhamia Ford-People. Wapiga kura wa Bomet hawakumfuata. Kiti chake kilitwaliwa na Bw Nick Salat wa KANU. Ujumbe ulieleweka: mtu, awe maarufu namna gani, hapiti akiwa nje ya kapu.

MAJINA MAPYA, KAPU LILE LILE

Miaka mitano baadaye, kapu lenyewe lilibadilishwa. Kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005, ambapo asilimia 58 ya wapiga kura nchini waliikataa rasimu ya katiba, ilizaa vuguvugu la Chungwa, yaani ODM. Dkt Ruto, wakati huo mbunge wa Eldoret Kaskazini, akawa mmoja wa vinara wake.

Mwaka 2007 Mzee Moi, akiwa amestaafu, aliwasihi watu wake wamuunge mkono Rais Mwai Kibaki. Walimsikiliza kwa heshima, wakaenda kuipigia ODM. Wanawe watatu waliowania ubunge walishindwa. Huko Bomet, Bw Kones, aliyekataliwa mwaka 2002 akiwa Ford-People, alirejea kwa tiketi ya ODM na kukitwaa tena kiti chake. Katika Sotik, Bi Lorna Laboso alichaguliwa kwa tiketi iyo hiyo. Wote wawili waliangamia katika ajali ya ndege mnamo Juni 10, 2008. Katika chaguzi ndogo za Septemba mwaka huo, warithi wao, Bi Beatrice Kones na Bi Joyce Laboso, walishinda kwa tiketi ya ODM pia.

Lakini hata Chungwa halikudumu. Mwaka 2009 serikali ya mseto ilianza kuwaondoa walowezi katika msitu wa Mau, wengi wao wakiwa Wakipsigis, na lawama zikamwangukia Waziri Mkuu Raila Odinga, kiongozi wa ODM. Mwaka 2012 Dkt Ruto alishika uongozi wa chama cha URP. Mwaka 2013 URP iliingia katika muungano wa Jubilee na kutwaa ugavana wa kaunti zote mbili: Prof Paul Chepkwony kule Kericho na Bw Isaac Ruto kule Bomet. Mwaka 2016 URP ilivunjwa na kumezwa na chama cha Jubilee, ambacho kilivuna mwaka 2017. Dkt Ruto alipokosana na Rais Uhuru Kenyatta, UDA ilizaliwa, na mwaka 2022 ikavuna pale pale.

Hivyo basi, katika chaguzi nne kuanzia 2007 hadi 2022, eneo hilo lilivipa ushindi vyama vinne tofauti: ODM, URP, Jubilee na UDA. Kila mara chama kipya kilizoa karibu kila kiti, na kile cha awali kikabaki kama ganda la ndizi. Kwa mtazamaji wa mbali, hii ni dalili ya wapiga kura wanaobadilika-badilika. Kwa kweli ni kinyume chake. Mpiga kura hakuhama. Alikaa na kiongozi wake, na kiongozi ndiye aliyebadilisha jina la gari.

KURA ZA VIPANDE SITA

Tangu Katiba ya 2010 ianze kutumika katika uchaguzi wa 2013, kila Mkenya hupiga kura sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na diwani wa wadi. Katika kampeni za eneo hilo, viongozi wamekuwa wakiwahimiza wananchi kuwachagua wagombeaji wa chama kimoja kuanzia juu hadi chini, kama mtu anunuaye suti kamili asiyetaka koti lisilolingana na suruali.

Hoja yao ina mantiki. Kericho na Bomet zilikuwa na wapiga kura wapatao 800,000 waliosajiliwa mwaka 2022. Kura hizo zikitawanyika, hazina uzito mkubwa kitaifa. Zikienda pamoja, na watu wakajitokeza kwa wingi, huweza kuamua nani ataingia Ikulu.

Takwimu za 2022 zinaunga mkono hoja hiyo. Nchini kote takriban asilimia 65 ya waliosajiliwa walipiga kura, ilhali Bomet na Kericho zilikaribia asilimia 80, miongoni mwa viwango vya juu zaidi nchini. Dkt Ruto alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura za urais katika kila kaunti. Alimshinda Bw Odinga kwa kura 233,211 pekee. Kura alizozipata katika kaunti hizi mbili zilikuwa zaidi ya maradufu ya pengo hilo. Mkulima wa Mogogosiek au Litein anaposema kwamba kura yake ndiyo iliyomweka Rais madarakani, hatii chumvi.

Ipo pia sababu isiyohusu hesabu. Jamii ya Wakipsigis ina desturi ya kokwet, baraza la majirani ambapo jambo hujadiliwa hadi watu wafikie kauli moja. Makanisa, hasa African Inland Church na Africa Gospel Church, yana sauti kubwa katika maisha ya watu, na viongozi wake huthamini utulivu na heshima kwa mamlaka. Kwenda kinyume na uamuzi wa pamoja huonekana si ushujaa bali usaliti. Watangulizi walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na wanasiasa hawajaacha kuutumia msemo huo.

WALIOJARIBU KUPIGA MBIZI KINYUMENYUME

Si kweli, hata hivyo, kwamba hakuna aliyethubutu kupinga. Bw Isaac Ruto, gavana wa kwanza wa Bomet na mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana, aliongoza kampeni ya kutaka fedha zaidi zipelekwe katika kaunti. Msimamo huo ulimkosanisha na Dkt Ruto. Mwaka 2016 aliunda Chama Cha Mashinani na mwaka 2017 akajiunga na muungano wa upinzani wa NASA.

Adhabu haikukawia. Bi Joyce Laboso wa Jubilee alimwangusha katika uchaguzi wa Agosti mwaka huo na kuwa mmoja wa magavana watatu wa kwanza wanawake nchini Kenya. Alifariki Julai 2019 na naibu wake, Dkt Hillary Barchok, akamrithi. Mwaka 2022 Bw Isaac Ruto alijaribu tena, safari hii chama chake kikiwa ndani ya muungano wa Kenya Kwanza ulioongozwa na Dkt Ruto. Dkt Barchok, akiwa na tiketi ya UDA, alimshinda.

Lakini ushindani huo uliacha alama. Katika eneobunge la Chepalungu, ambalo Bw Isaac Ruto aliwahi kuliwakilisha, Chama Cha Mashinani kilishinda kiti cha ubunge mwaka 2017 na tena mwaka 2022. Kati ya maeneobunge 11 ya kaunti hizi mbili, hilo pekee ndilo lililobaki nje ya kapu mara zote mbili.

Mfano mwingine ni uchaguzi mdogo wa useneta wa Kericho mnamo Machi 2016, baada ya Bw Keter kuteuliwa waziri. KANU, iliyokuwa bwana wa eneo hilo kwa miongo kadhaa, ilirudi kama mpinzani na kumsimamisha Bw Paul Sang. Jubilee ilimsimamisha kijana Aaron Cheruiyot. Dkt Ruto, wakati huo Naibu Rais, na vigogo wengine wa serikali walipiga kambi Kericho. Bw Cheruiyot alishinda kwa zaidi ya kura 100,000, lakini Bw Sang alipata zaidi ya 56,000. Hiyo ilimaanisha kwamba mpiga kura mmoja kati ya watatu alikuwa tayari kusema la.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Wimbi huwa na nguvu zaidi katika kura ya urais na hupungua linaposhuka hadi viti vya mashinani. Mwananchi huyo huyo anayempa kiongozi wa kitaifa kura yake bila kusita, hujiuliza maswali anapomchagua gavana au mbunge. Upinzani upo, ila hauna pa kukaa. Uchaguzi ukiwa wa kiti kimoja, sauti yake husikika. Ukiwa wa vipande sita, humezwa na kelele za wimbi.

KATIBA WALIYOIKATAA

Pengine hakuna mahali ambapo faida na hasara ya kura ya pamoja huonekana kama katika suala la ardhi. Katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, Dkt Ruto aliongoza kampeni ya kuipinga katiba mpya. Viongozi wa makanisa nao waliipinga kwa sababu ya vifungu kuhusu uavyaji mimba na mahakama za Kadhi. Wanasiasa walidai kwamba sura ya ardhi ingewapokonya watu mashamba yao. Kericho na Bomet zikakataa kwa kishindo, lakini nchi ikakubali.

Katiba hiyo hiyo ndiyo iliyozipa Kericho na Bomet serikali zao za kaunti, jambo ambalo KADU ilililia. Ndiyo iliyopunguza ukodishaji wa ardhi kwa wasio raia hadi miaka isiyozidi 99, hata kwa makampuni ya chai yaliyokuwa na hati za miaka 999. Na ndiyo iliyounda Tume ya Kitaifa ya Ardhi yenye mamlaka ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Mbele ya tume hiyo, jamii za Kipsigis na Talai, zikiungwa mkono na Gavana Chepkwony, ziliwasilisha madai yao, na mwaka 2019 tume ikaamua kwamba zilidhulumiwa.

Kwa maneno mengine, silaha bora zaidi ambayo eneo hilo limewahi kupata katika vita vya ardhi ilitoka katika waraka lililoshauriwa kuukataa. Wapiga kura hawakuwa wajinga. Walifuata uamuzi wa pamoja, na uamuzi wa pamoja ulifanywa kwa kuangalia mvutano wa vinara jijini Nairobi, si kwa kusoma vifungu.

Suala la Mau linatoa funzo la aina hiyo. Ufurushaji wa 2009 ulichangia kuiua ODM katika eneo hilo. Lakini mwaka 2018 na 2019 familia nyingine ziliondolewa katika sehemu ya Mau iliyo Narok, chini ya serikali ya Jubilee ambayo eneo hilo lilikuwa limeipigia kura kwa wingi. Kura ya pamoja iliweza kuwaadhibu wanasiasa baada ya tendo. Haikuweza kulizuia tendo lenyewe.

MKULIMA WA CHAI ANAPATA NINI?

Kiuchumi, eneo hilo husimama juu ya jani moja. Kuna mashamba makubwa ya makampuni, na kuna maelfu ya wakulima wadogo wanaopeleka majani yao katika viwanda kama Kapkatet, Litein, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga, vinavyosimamiwa na shirika la KTDA. Shirika hilo lilikuwa la serikali hadi mwaka 2000, lilipogeuzwa kuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao.

Kwa miaka mingi wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamekuwa wakilipwa bonasi ndogo kuliko wenzao wa kaunti za Mlima Kenya. Sababu zinazotajwa ni nyingi: bei ambayo chai yao hupata katika mnada wa Mombasa, ubora wa majani, gharama za viwanda na mzigo wa madeni. Mwaka 2025 bonasi ilishuka tena na wakulima wa Kericho na Bomet wakaandamana. Wakati huo Rais alikuwa yule waliyemchagua kwa zaidi ya asilimia 90, na Bw Cheruiyot, seneta wao, alikuwa kiongozi wa wengi katika Seneti.

Katika mashamba makubwa hali ni ngumu vilevile. Mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi ya mikono ya maelfu ya vibarua. Mei 2023 hasira ilifurika Kericho na mashine kadhaa zikateketezwa. Vibarua hao, tofauti na wenye mashamba, hawana ardhi ya kuwasitiri, na wengi hutoka jamii nyingine. Kwao ngome ya kisiasa ina maana nyingine kabisa. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini, wafanyakazi wengi wa mashamba ya chai walilazimika kutoroka kwa sababu tu walidhaniwa kuwa wa kapu jingine.

Je, hali ya mkulima ingekuwa bora kama kura zingegawanyika? Hakuna awezaye kuapa. Lililo wazi ni kwamba serikali inayojua kura ni zake daima haina haraka ya kuzitafuta, na upinzani unaojua hautapata kitu hauoni haja ya kuzitafuta. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

FUNZO KUTOKA BAVARIA

Hali ya chama kimoja kutawala eneo moja haipo Kenya pekee. Katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, chama cha kihafidhina cha CSU kimeongoza serikali ya jimbo bila kukatizwa tangu 1957. Wafuasi wake, kama wale wa Kericho, ni watu wa mashamba na kanisa wanaojivunia utamaduni wao.

Tofauti iko katika mwenye chama. CSU hugombea Bavaria tu, huamua mambo yake Bavaria, na jina lake halijabadilika tangu kilipoundwa mwaka 1945. Hushirikiana na chama ndugu cha CDU kitaifa, lakini huuza ushirikiano huo kwa bei. Na wapiga kura wake wamejifunza kukinyoosha bila kukivunja: mwaka 2008, na tena 2018, walikinyima wingi wa viti na kukilazimisha kutafuta mshirika.

Vyama vilivyotawala Kericho na Bomet havikuwahi kuwa vya Kericho na Bomet. Vilisajiliwa, vikaongozwa na kuvunjwa Nairobi. Chama Cha Mashinani, chenye mizizi Bomet, ndicho kilichokaribia mfano wa CSU, nacho kiliishia eneobunge moja. Eneo hilo lina nguvu ya kura bila kuwa na chombo cha kuziuzia.

NYUMBA ISIYO NA ADUI

Chama kisichokuwa na mpinzani nje huzaa wapinzani ndani. Dkt Mutai aligundua hivyo mapema. Oktoba 2024, madiwani wa Kericho walipitisha hoja ya kumwondoa mamlakani, na Agosti 2025 wakairudia. Mara zote mbili Seneti ilimnusuru. Wengi wa waliomshtaki na waliomtetea walichaguliwa kwa tiketi moja na gavana mwenyewe. Mabishano yaliyostahili kuwa kati ya chama na chama, mbele ya wapiga kura, yaligeuka kuwa ya watu wa nyumba moja, na mwananchi akabaki mtazamaji.

Ndiyo maana mchujo ni muhimu kuliko unavyoonekana. Uchaguzi mkuu husimamiwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, kwa sheria kali na mahakama zikiwa macho. Mchujo huendeshwa na chama chenyewe, na rekodi yake si ya kujivunia. Aprili 2017, kwa mfano, mchujo wa Jubilee ulivurugika katika kaunti nyingi nchini hadi ukaahirishwa na kurudiwa. Hata hivyo ni huko, katika uwanja wenye sheria hafifu, ambako mkazi wa Kericho na Bomet huwa na uamuzi wa kweli. Yaliyowapata Bw Keter na Bi Chepkorir mwaka 2022 yanathibitisha kwamba anapoachwa huru, huutumia uamuzi huo bila kuogopa cheo wala mfuko wa mtu.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika Agosti 2027. Wanasiasa watawahimiza tena wananchi wavae suti kamili, na historia inaonyesha wengi watakubali. Lakini mkulima anayetaka kuuliza kuhusu bonasi, hati za makampuni ya chai au hatima ya waliofurushwa Mau hana budi kujua ni lini swali lake lina uzito. Huwa na uzito kabla ya tiketi kutolewa, wakati mwaniaji bado anamhitaji. Tiketi ikishatolewa, kilichosalia ni kuhesabu kura.